Undugu na Ujirani wa Molekuli: Habari za Waholanzi Wawili

Vitu vyote tuvishikavyo kwa mikono yetu vina siri mbili. Siri ya kwanza ni ile ya kuumbwa kwake: ni kitu gani kifungacho chembe na chembe nyingine, hata sukari ikawa sukari na chumvi ikawa chumvi? Siri ya pili ni ile ya kukaa pamoja: ni kitu gani kiyafanyacho maji yajikusanye katika mtungi, ilhali mvuke hutawanyika hewani hata mtu asijue umekwenda wapi? Mtoto aweza kuuliza maswali haya, lakini majibu yake yaliwashinda wenye hekima kwa karne nyingi. Hatua mbili kubwa katika kuyajibu zilipigwa katika miaka miwili iliyofuatana, 1873 na 1874, katika nchi moja ndogo ya Ulaya, kwa kalamu za watu wawili ambao wakati huo hawakuwa maprofesa. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule mwenye umri wa miaka 35. Wa pili alikuwa mwanafunzi aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 22. Na jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hapaswi kulipita upesi ni hili: wote wawili waliandika kwa lugha yao wenyewe, Kiholanzi, lugha ambayo wataalamu wengi wa mataifa makubwa ya siku zile hawakuijua wala hawakuona haja ya kuijua.

Yafaa kwanza tutazame hali ya elimu ilivyokuwa. Mwaka 1858, Mjerumani August Kekulé na Mskoti Archibald Couper, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba atomu ya kaboni ina uwezo wa kushikana na atomu nyingine nne, kama kwamba ina mikono minne. Tangu hapo wanakemia wakaanza kuchora mistari baina ya herufi, na kila mstari ulikuwa alama ya kifungo kimoja. Michoro hiyo ilileta nuru kubwa. Walakini karatasi ni bapa, na kila kilichochorwa juu yake kilikuwa bapa pia. Wengi waliichukua michoro ile kuwa alama za hesabu tu, si sura ya kitu kilichopo. Tena walikuwapo watu wa heshima waliokana kabisa kwamba atomu na molekuli ni vitu vya kweli.

Lakini maumbile yalikuwa yamekwisha kutoa dokezo. Mwaka 1848 kijana wa Kifaransa, Louis Pasteur, alikuwa akichunguza fuwele za chumvi moja itokanayo na asidi ya tartari. Aliona kwamba fuwele zile ni za namna mbili, na kwamba namna moja ni kama taswira ya nyingine katika kioo. Akazitenga kwa mkono, moja moja, akaziyeyusha mbalimbali katika maji. Mwanga wa namna maalumu ulipopitishwa humo, maji ya kwanza yaliupinda kuumeni, na ya pili yaliupinda kushotoni kwa kadiri ile ile. Baadaye ikaonekana ajabu kama hiyo katika asidi ya maziwa. Asidi itokayo katika maziwa yaliyochacha na ile itokayo katika misuli ya wanyama zina atomu zile zile, zilizofungana kwa mpango ule ule, lakini moja huupinda mwanga na nyingine haiupindi. Mwaka 1873 Mjerumani Johannes Wislicenus akakata shauri kwamba tofauti hiyo haiwezi kuwa na asili nyingine ila namna atomu zilivyopangwa katika nafasi. Alikuwa amefika mlangoni. Aliyeufungua mlango ni mwingine.

Kabla ya kumfuata huyo mwingine, sharti tumtaje yule mwalimu. Johannes Diderik van der Waals alizaliwa katika mji wa Leiden mwaka 1837, akiwa wa kwanza katika watoto kumi wa seremala. Mtoto wa fundi hakutazamiwa kwenda chuo kikuu. Alisoma masomo ya kawaida, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na kati ya mwaka 1862 na 1865 alihudhuria mafundisho ya Chuo Kikuu cha Leiden kwa nyakati alizozipata. Alikubaliwa kusikiliza, lakini hakuruhusiwa kufanya mitihani. Sababu haikuwa upungufu wa akili wala wa bidii. Sababu ilikuwa kwamba hakujua Kiyunani na Kilatini, na sheria ya nchi ilizifanya lugha hizo kuwa lango la elimu ya juu. Mtu aliyeweza kupima nguvu za molekuli alizuiwa nje kwa lugha ambazo hakuna mtoto wa Uholanzi aliyezinyonya kwa mama yake. Sheria hiyo ilipolegezwa kwa wanafunzi wa sayansi, van der Waals aliingia, akafaulu mitihani, na mwezi wa Juni 1873 akatoa risala yake ya udaktari juu ya mfululizo wa hali ya gesi na hali ya kiowevu.

Maana ya risala ile yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Tangu siku za Robert Boyle, mwaka 1662, ilijulikana kwamba ukiibana gesi kwa nguvu maradufu, ujazo wake hupungua kuwa nusu. Kanuni hii ni njema, lakini gesi zikibanwa sana au zikipozwa sana huiasi. Mwaka 1869 Thomas Andrews wa Belfast alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba gesi ya dioksidi ya kaboni haiwezi kugeuzwa kuwa kiowevu kwa kubanwa, hata ibanwe namna gani, maadamu joto lake limezidi nyuzi 31 hivi za sentigredi. Chini ya hapo hukubali. Kwa nini? Van der Waals alijibu kwamba kanuni ya Boyle ilisahau mambo mawili. Molekuli, ingawa ni ndogo mno, zina ukubwa wake, na kila moja huhitaji mahali pake. Pili, molekuli huvutana. Mvutano huo ni dhaifu zikiwa mbali, nao huonekana wazi zikisogeleana. Aliyatia mambo hayo mawili katika mlinganyo mmoja, na mlinganyo huo ukawa waeleza gesi na kiowevu kwa pamoja. Ikadhihirika kwamba mvuke na maji si vitu viwili. Ni molekuli zile zile: katika hali moja mbio zake zimeushinda mvutano, na katika hali nyingine mvutano umezishinda mbio.

Hapa ndipo ipasapo kupambanua baina ya nguvu mbili. Vifungo vinavyoshika atomu ndani ya molekuli moja twaweza kuvifananisha na undugu wa damu, na mvutano baina ya molekuli na molekuli twaweza kuufananisha na ujirani. Sufuria ya maji ikichemka jikoni, ujirani huvunjika na undugu husalia: mvuke utokao ni maji yale yale, atomu mbili za haidrojeni zingali zimeshikana na moja ya oksijeni. Kuuvunja undugu huo kwataka nguvu kubwa zaidi. Van der Waals alikuwa mwanachuoni wa ujirani. Alipotimiza kazi yake ya mwaka 1873, na tena alipotoa kanuni nyingine mwaka 1880 ya kulinganisha tabia za gesi mbalimbali, aliwapa wataalamu dira ya kuzigeuza gesi ngumu kuwa viowevu. James Dewar aliifanya haidrojeni kuwa kiowevu mwaka 1898. Tarehe 10 Julai 1908, katika mji ule ule wa Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aliishinda heliamu, iliyokuwa ya mwisho kutii, katika baridi ya nyuzi 269 hivi chini ya sifuri.

Sasa na tumtazame kijana. Jacobus Henricus van 't Hoff alizaliwa Rotterdam mwaka 1852, mwana wa daktari. Alisoma Delft na Leiden, akaenda Bonn kwa Kekulé, kisha Paris kwa Adolphe Wurtz. Mwezi wa Septemba 1874, kabla hajapata shahada yake ya udaktari, alichapisha kijitabu cha kurasa chache kwa Kiholanzi. Neno alilolisema ni kwamba mikono minne ya kaboni haikulala juu ya meza. Imenyoshwa katika pande nne za nafasi, ikielekea pembe nne za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, na atomu ya kaboni imekaa katikati.

Uzuri wa wazo hili ni kwamba lilikubali kupimwa. Tuchukue atomu ya kaboni iliyoshika haidrojeni mbili na klorini mbili. Kama mikono minne ingekuwa bapa mfano wa pembe za mraba, klorini mbili zingeweza kukaa jirani au kukabiliana, na hivyo zingepatikana dutu mbili mbalimbali. Wanakemia walijua dutu moja tu. Katika piramidi ya van 't Hoff kila pembe ni jirani ya pembe zote nyingine. Basi dutu ni moja, kama ilivyo. Lakini kaboni ikishika vitu vinne visivyofanana hata kimoja, mara moja zatokea namna mbili, moja taswira ya nyingine. Hufanana kama mkono wa kuume ufananavyo na wa kushoto: vidole ni vile vile, mpangilio ni ule ule, lakini kiganja cha mmoja hakiwezi kulala juu ya mgongo wa mwingine vidole vyote vikapatana. Hivyo ndivyo ilivyo asidi ya maziwa, na hivyo ndivyo ilivyo asidi ya tartari ya Pasteur. Miezi miwili baadaye Mfaransa Joseph Achille Le Bel, aliyekuwa mwenziwe van 't Hoff katika maabara ya Wurtz, alichapisha wazo la namna hiyo hiyo kwa njia yake mwenyewe, na historia imewapa wote wawili haki yao.

Tofauti ya mikono hii si mchezo wa hesabu. Mtu yeyote mwenye pua aweza kuishuhudia. Iko dutu moja iitwayo karvoni ambayo molekuli yake ina namna mbili za kuume na kushoto. Namna moja ndiyo hutoa harufu ya nanaa ya aina moja itumiwayo katika chai na mapishi. Namna ya pili ndiyo hutoa harufu ya kisibiti. Atomu ni zile zile na vifungo ni vile vile. Kilichobadilika ni umbo tu, na pua imelitambua.

Kijitabu cha van 't Hoff hakikupokewa kwa vigelegele. Mwaka 1875 alikitoa kwa Kifaransa, na akatengeneza vielelezo vidogo vya karatasi ngumu akavipeleka kwa wataalamu. Mwaka 1876 alipata kazi ya kufundisha katika shule ya uganga wa mifugo huko Utrecht. Mwaka 1877 kitabu kilitoka kwa Kijerumani, na Wislicenus mwenyewe akakiandikia dibaji ya kukisifu. Hapo ndipo ngurumo ilipotoka Leipzig. Hermann Kolbe, profesa mkuu na mhariri wa jarida la kemia, aliandika shutuma kali kupita kiasi. Alidai kwamba huyu mtu wa shule ya mifugo hana ladha ya uchunguzi halisi wa kemia. Kwamba ameona ni rahisi zaidi kupanda yule farasi mwenye mbawa wa hadithi za Wayunani, aliyemwazima, bila shaka, katika zizi la shule yake, akaruka naye juu angani kutangaza jinsi atomu zilivyojipanga.

Haifai tumfanye Kolbe kuwa mjinga, kwani hakuwa mjinga. Mwaka 1845 alikuwa ameonyesha jinsi ya kuunda asidi ya siki kutokana na vitu visivyo na uhai, na njia yake ya kutengeneza asidi ya salisili iliwafaa watengenezaji wa dawa kwa muda mrefu. Alikuwa na sababu ya hofu yake pia. Kizazi kilichomtangulia Ujerumani kilikuwa kimejaa falsafa ya maumbile iliyosema mengi na kupima machache, naye aliogopa ugonjwa ule usirudi. Kosa lake lilikuwa kutopambanua dhana isiyoweza kupimwa na dhana inayojitoa yenyewe kwenye mizani. Kosa lake la pili, ambalo ni baya zaidi, lilikuwa kupima neno kwa cheo cha msemaji. Aliuliza mtu huyu anafundisha wapi, badala ya kuuliza je, asemalo ni kweli? Mdharau mwiba mguu huota tende.

Van 't Hoff hakujibu matusi kwa matusi. Mwaka 1878 alipewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, na hotuba yake ya kuanzia kazi, mwezi wa Oktoba mwaka huo, ilihusu nafasi ya uwezo wa kuwaza katika sayansi. Alikuwa amesoma maisha ya wanasayansi wapatao 200, akaona kwamba wengi wa wale waliokuwa wakubwa walikuwa pia na mapenzi ya ushairi, muziki au sanaa nyingine. Jibu kubwa zaidi lilitoka katika kazi za wengine. Mwaka 1891 Emil Fischer alipoupambanua mpango wa atomu za glukosi na ndugu zake wa jamii ya sukari, alitegemea piramidi ile ile iliyochekwa. Na mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza duniani, mpokeaji alikuwa van 't Hoff, kwa kazi nyingine aliyoifanya baadaye juu ya mwendo wa mabadiliko ya kikemia na nguvu ya miyeyusho. Kolbe alikuwa amefariki mwaka 1884. Van der Waals, aliyekuwa profesa wa fizikia katika chuo kile kile cha Amsterdam tangu mwaka 1877, alipata tuzo ya fizikia mwaka 1910.

Walioijenga nyumba juu ya misingi hiyo walikuwa wengi. Mwaka 1916 Mmarekani Gilbert Newton Lewis alieleza kwamba kifungo cha undugu ni jozi ya elektroni ambayo atomu mbili huimiliki kwa shirika. Mwaka 1927 Walter Heitler na Fritz London walionyesha kwa fizikia mpya kwa nini shirika hilo hushika. Mwaka 1931 Linus Pauling aliipata kwa hesabu ya elektroni piramidi ile aliyoipata kijana wa Uholanzi kwa kufikiri, yenye pembe ya nyuzi 109 na nusu baina ya kifungo na kifungo. Na mwaka 1930 London alieleza asili ya mvutano wa van der Waals hata katika molekuli zisizo na upande chanya na upande hasi: elektroni zake hazitulii, na kutikisika kwa hizi huamsha kutikisika kwa zile.

Ujirani wenyewe ukaonekana kuwa na daraja. Mwaka 1920 Wendell Latimer na Worth Rodebush walieleza mvutano wa pekee uliopo pale haidrojeni iliyofungwa kwa oksijeni inapoielekea oksijeni ya molekuli nyingine. Molekuli ya maji haikunyoka. Imekunjwa katika pembe ya nyuzi 104 na nusu, na kwa sababu ya kukunjwa huko ina upande chanya na upande hasi, ikashikana na wenzake kwa nguvu. Linganisha maji na gesi ya salfaidi ya haidrojeni, ile inukayo kama yai bovu. Molekuli yake ni nzito karibu mara mbili ya molekuli ya maji, lakini huchemka katika baridi ya nyuzi 60 hivi chini ya sifuri, ilhali maji hungoja hata nyuzi 100. Lau maji yangekuwa na ujirani dhaifu kama wa gesi ile, pasingekuwa na bahari, wala mto, wala damu mwilini. Hata mjusi kafiri apandaye ukuta na kutembea darini bila kuanguka hudumu kwa ujirani: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba vinyweleo vidogo mno vya nyayo zake hushika ukuta kwa mvutano wa van der Waals.

Sasa turudi kwenye neno la lugha. Mwaka 1874 na 1875 James Clerk Maxwell wa Cambridge, aliyekuwa miongoni mwa vichwa vikubwa vya fizikia katika zama zake, alizungumza juu ya risala ya van der Waals. Hakukubali kila hatua yake, lakini alitabiri kwamba jina la mwandishi litasimama mstari wa mbele, akakiri kwamba kazi hiyo imewasukuma wachunguzi zaidi ya mmoja wajifunze Kiholanzi. Hili ni neno la kutiwa moyoni. Lugha haikuheshimiwa kwanza ndipo elimu ikaandikwa. Elimu iliandikwa, na heshima ikaifuata lugha.

Walakini haitakuwa haki kuishia hapo, maana historia ina upande wa pili. Kijitabu cha van 't Hoff kilikaa kimya katika Kiholanzi. Kifaransa na Kijerumani ndivyo vilivyokitembeza. Risala ya van der Waals nayo ilitolewa kwa Kijerumani mwaka 1881. Tena Kiholanzi hakikuokotwa njiani kikiwa tayari. Mwaka 1586, karibu miaka 300 kabla yao, Simon Stevin aliandika kitabu cha elimu ya mizani kwa Kiholanzi, akatetea lugha hiyo kuwa inafaa kwa sayansi, na akaunda istilahi ambazo wananchi wake wangali wakizitumia. Seremala wa Leiden alimzaa mwanafizikia. Lakini lugha aliyoandikia mwanafizikia huyo ilikuwa imerandwa na mafundi wa vizazi vingi.

Katika Tanzania mtoto wa shule ya umma husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hugeuziwa lugha afikapo shule ya sekondari, hapo hasa masomo ya atomu na vifungo vyake yanapoanza kuwa mazito. Wako wasemao kwamba ndivyo inavyopasa, kwa kuwa elimu ya dunia imo katika Kiingereza; na wako wasemao kwamba lugha ya kigeni imewafungia nje wengi wenye akili. Maisha ya Waholanzi wawili hayamalizi ubishi huu, lakini yanaupa mipaka. Hakuna aliyewazuia van 't Hoff na van der Waals kusoma Kijerumani na Kifaransa, nao walivisoma kwa faida. Kilichokuwa dhuluma ni kugeuza lugha ya watu wengine kuwa lango, hata mtoto wa seremala akasimama nje akisikiliza masomo asiyoruhusiwa kutahiniwa. Lugha ya kigeni ikiwa dirisha huongeza nuru ya nyumba. Ikiwa ndiyo mlango peke yake, hatuwezi kujua ni wangapi waliobaki uani.

Molekuli hazina Kiholanzi wala Kiswahili. Zilikuwa na umbo lake kabla ya mtu wa kwanza kutamka neno, na piramidi ya kaboni ni ile ile katika sukari ya kila nchi. Lakini mtu hulifikia umbo hilo kwa kuwaza, na huwaza vyema zaidi kwa maneno yasiyomtia hofu. Kwa hiyo kila aandikaye ukurasa mmoja ulio sahihi wa kemia au fizikia kwa Kiswahili safi, hata usiposomwa na wengi leo, anafanya kazi ya Stevin. Matunda yake huenda yakachumwa na kijana ambaye hajazaliwa bado.